Kiwanja cha Mama na Faiba ya Sironga



Barua iliyonifikia juma hili si ya talaka wala ya masurufu, nayo hayo mawili ndiyo yanayoujaza mkoba wangu mwezi nenda mwezi rudi. Mama mmoja wa Likoni ameniandikia kwa hati yake mwenyewe, kurasa mbili zilizojaa, juu ya mwanawe wa tatu. Kijana huyo yuko Sironga, katika kaunti ya Nyamira. Alikwenda huko kwa mjomba wake kusimamia duka, akaizoea baridi, akawazoea watu, na Kigusii sasa hukisema kama aliyezaliwa nacho. Juzi amempigia mamake simu akimtaka auze nusu ya kiwanja alichorithi kwa babake, na fedha zile ziingie katika biashara: kijana atanunua chai ya paketi, ndizi zilizokaushwa na vyombo vya mawe ya Kisii, aviuze Dubai, Maskati, Uingereza na Marekani bila ya kutoka pale dukani. Kila mama alipouliza jambo hilo litawezekanaje, jibu lilikuwa lile lile: faiba imefika.

Swali la mama nalinakili kama lilivyo, kwani sijapata kuulizwa zuri kuliko hilo mwaka huu: "Sheikh, hiyo faiba ni kitu gani hata niiuzie kiwanja cha baba?"

Namjibu hapa hadharani, kwa idhini yake, maana najua hayuko peke yake. Vijana wetu wametapakaa bara, na kila mmoja ana habari ya faiba iliyofika.

Faiba, mama yangu, ni uzi wa kioo, mwembamba karibu na unywele. Ndani yake hupita mwanga unaowashwa na kuzimwa kwa kasi isiyodirikiwa na jicho, na kule kuwashwa na kuzimwa ndiko kunakobeba maandishi, sauti na picha. Mwanga ukiwa ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde moja. Zamani kidogo, neno lililotoka Kenya kwenda ng'ambo aghalabu lilipandishwa hadi kwenye satelaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ardhi, kisha likashushwa upande wa pili. Wenye umri wangu wanakumbuka simu za Maskati na Jeddah, ambapo ulisema "hamjambo" ukangoja, na jibu likaja likigongana na neno lako la pili. Njia ile ilikuwa ndefu, na ilikuwa ghali mno. Mwenye biashara aliyetaka njia ya intaneti ya upana wa wastani alilipa maelfu ya dola kwa mwezi, na duka la Sironga lisingeweza hata kuota jambo hilo.

Sisi watu wa pwani nyaya za chini ya bahari hazikutuanzia leo. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa kutoka Aden hadi Zanzibar na kuendelea kusini, na mwaka 1890 ukavutwa mwingine kutoka Zanzibar hadi Mombasa. Nyaya zile zilikuwa mali ya kampuni za Kiingereza, zikawatumikia watawala na matajiri wakubwa wa bandarini. Mkulima wa Gusii hakuwa na lake pale. Reli nayo ilipofika Kisumu mwaka 1901 iliipita nchi ya Wagusii kando, na mpaka leo Kisii haina treni. Nayataja haya ili mama ajue kwamba kufikiwa kwa Sironga na njia ya mawasiliano iliyo sawa na ya Nairobi ni jambo jipya kweli kweli, na mwanawe hakosei kulifurahia.

Sasa nije kwenye ubia, kwa sababu faiba yote hii imejengwa kwa ubia, na mama ameniuliza habari ya ubia hata kama hakulitumia neno hilo.

Mwaka 2009 kebo mbili za faiba ziliwasili Mombasa. Moja ni SEACOM, iliyofunguliwa mwezi Julai, ya wenye mitaji binafsi. Nyingine ni TEAMS, iliyofika mwezi Juni, inayotoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, safari ya takriban kilomita 5,000. Wazee waliosafiri kwa majahazi wataitambua njia hiyo mara moja, kwa kuwa Fujairah iko kwenye pwani ya Ghuba ya Omani, huko huko walikokuwa wakielekea kwa upepo wa kusi. Jahazi lilichukua majuma kadhaa. Mwanga huchukua sehemu moja ya arubaini ya sekunde.

Hiyo TEAMS ndiyo yenye somo. Gharama yake ilipita dola milioni 100, na hakuna kampuni moja ya Kenya iliyotaka kuubeba mzigo huo peke yake. Serikali ya Kenya ikawakusanya wenye kampuni za simu na za intaneti, watu ambao kila siku hunyang'anyana wateja, wakatia mitaji katika kampuni moja. Asilimia 85 ya kebo ikawa ya upande wa Kenya, na asilimia 15 ikawa ya Etisalat ya Falme za Kiarabu. Kila mshirika akapata sehemu ya upana wa njia kwa kadiri ya mtaji wake, akaenda kuiuza sokoni kwa bei aliyoitaka. Mwaka uliofuata, 2010, ikaja EASSy, ambayo nayo ni ya washirika wengi, na 2012 ikatua LION2 pale Nyali. Zimefuata nyingine tangu hapo. Kadiri njia zilivyoongezeka, bei ya jumla ilianguka, na ndipo kampuni zikaanza kutafuta wateja katika miji midogo ambayo zamani hazikuijali.

Faida ya pili ya wingi huo ilidhihirika kwa maafa. Tarehe 25 Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikaikata TEAMS. Siku chache kabla ya hapo kebo nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, hivyo Kenya ikawa inapumua kwa shida. Tarehe 12 Mei 2024 zikakatika EASSy na SEACOM kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito kutoka Kenya hadi Tanzania na kwingineko, mpaka shehena ya mawasiliano ikahamishiwa kwenye kebo zilizosalia. Mwenye duka Sironga hakuziona kebo hizo hata siku moja, lakini riziki yake ya siku hiyo ilikuwa imelala chini ya bahari.

Kutoka Mombasa uzi hupanda bara. Serikali ina mkongo wake wa taifa, uitwao kwa kifupi NOFBI, ambao awamu yake ya pili ilikusudiwa kuzifikia kaunti zote 47, Nyamira ikiwamo. Kampuni za simu zina nyaya zao. Kampuni ya umeme, Kenya Power, nayo ina uzi wa kioo uliopitishwa juu ya njia zake za umeme mkubwa, nayo hukodisha sehemu ya uzi huo kwa kampuni za mawasiliano. Hii ni busara ya wazi. Kuchimba mtaro kutoka Nairobi hadi Gusii ni ghali kuliko uzi unaolazwa ndani yake, na mwenye nguzo zilizokwisha simamishwa ana nusu ya kazi mkononi. Kwa hiyo anachokiita kijana "faiba ya kampuni fulani" huenda kimepita kwenye mali za watu wanne au watano kabla ya kumfikia, na kila mmoja ana mkataba na mwenziwe wenye kusema nani atengeneze, nani alipe, na nani abebe hasara uzi unapokatika. Tangu 2022 serikali imetangaza azma ya kufikisha kilomita 100,000 za faiba nchini na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Azma na utekelezaji ni mambo mawili, na kila msomaji ni shahidi wa wadi yake.

Hapa nataka mama anisikilize kwa makini. Yote niliyoyaeleza ni njia. Soko ni kitu kingine, na mfano wake uko chini ya pua zetu hapa Mombasa.

Nyamira ni nchi ya chai. Ukipanda kutoka Kisii mjini kuelekea Nyamira, vilima vyote vimevishwa kijani kilichokatwa sawasawa, na kina mama wamejitwika vikapu tangu alfajiri. Majani hupimwa kwenye kituo, huchukuliwa na lori hadi kiwandani, na viwanda vyenyewe majina yake msomaji huenda ameyaona kwenye magunia: Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo, Tombe, Gianchore. Vyote hivyo ni vya wakulima wadogo chini ya KTDA, jumuiya ya wakulima wapatao laki sita nchini. Kutoka kiwandani chai huteremshwa kilomita karibu 800 hadi kwenye maghala yetu ya Shimanzi na Changamwe, na wengi wetu tuna baba au amu aliyefanya kazi humo akarudi nyumbani jioni nguo zikinuka chai. Kisha huuzwa kwenye mnada wa Mombasa, ambao huuza chai za nchi nyingi, kuanzia Uganda na Rwanda hadi Malawi na Madagaska, kwa dola.

Mnada huo kwa miaka mingi ulikuwa wa sauti na nyundo. Madalali na wanunuzi waliketi ukumbini barabara ya Nyerere, wakapaaza bei. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kukusanyika, mnada ulihamia kwenye mtandao, na tangu hapo bei hutolewa kwa kubonyeza. Hebu tazama basi: chai ya Nyamira imeunganishwa na dunia kwa faiba, tena kwa ukamilifu, kabla ya kijana wetu kufikiria duka lake. Mnunuzi anaweza kuiona orodha, daraja na bei kwa wakati huo huo.

Je, mkulima wa Sironga amepata bei nzuri kwa sababu hiyo? Mnada wa mtandao umepunguza muda na makaratasi, na umeacha kumbukumbu ya kila bei iliyotolewa, jambo ambalo ni jema kwa uaminifu. Lakini bei imebaki kufuata mambo mengine. Kila mwaka bonasi ikitangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwamo, hupata kidogo kuliko wenzao wa mashariki, na malalamiko hufika barabarani. Mwezi Julai 2021 KTDA iliweka bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kumlinda mkulima. Chai ambazo wanunuzi hawakuzithamini kwa kiasi hicho, nyingi zikiwa za magharibi, zikarudi ghalani bila ya mnunuzi, zikarundikana, na baadaye kiwango hicho kikaondolewa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya ni Pakistani, na 2023 nchi hiyo ilipoishiwa na dola, waagizaji wake walikwama. Misri ikapata dhiki ya namna hiyo hiyo. Mwezi Machi 2025 serikali ya Sudan ikasimamisha bidhaa zote za Kenya kwa ugomvi wa kisiasa, chai ikiwamo. Hakuna faiba inayomfungulia mkulima mlango uliofungwa na benki ya Karachi au amri ya Port Sudan.

Ama hiyo chai ya paketi anayotaka kuiuza mwanao, mama, ina sharti zake. Sheria ya Chai ya mwaka 2020 imerudisha Bodi ya Chai ya Kenya, na mwenye kupakia au kusafirisha chai nje kwa biashara hana budi kusajiliwa. Zawadi ya paketi mbili kwa jamaa ni jambo jingine. Muulize: usajili ni wa nani? Akisema atanunua kwa mwenye usajili na kumpa kamisheni, hilo ni jibu. Akisema "tutaona mbele ya safari", hilo pia ni jibu.

Mawe ya Kisii yananipa matumaini zaidi. Yanachimbwa Tabaka, katika kaunti ya Kisii, na watu wa pwani tumeyaona maisha yetu yote kwenye maduka ya watalii, ijapokuwa wachache tuliuliza yametoka wapi. Nilipita huko miaka mitatu iliyopita, nilipoalikwa na ndugu zetu wa Kisii mjini, ambao wengi wao ni jamaa wa Kinubi wenye historia ndefu pale. Wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe linang'aa kama limepakwa samli. Nilikaa karibu saa nzima nikimtazama mama mmoja akisugua bakuli. Bei aliyoniambia ilinitia haya, kwa sababu bakuli kama lile nimeliona dukani Mombasa likiuzwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kati yake na mtalii kulikuwa na mchuuzi wa Tabaka, mwenye lori, mwenye ghala na mwenye duka, kila mtu na chake. Bintiye alikuwa ameketi kando akipiga picha mabakuli yaliyokwisha kukauka, akimtumia mteja aliye ng'ambo, akingoja ajibu ni lipi analolitaka. Pale ndipo nilipoiona faiba ikifanya kazi yake. Haikuwaondoa watu wote wa kati, ila ilimwonyesha yule mama kwamba jiwe lake lina bei nyingine mahali pengine, na mchuuzi aliyekuja jioni ile alilazimika kuongeza kidogo.

Hata hivyo jiwe ni jiwe. Ni zito, tena huvunjika, na nauli ya ndege huhesabiwa kwa kilo. Anayetaka kuuza Marekani auze vitu vidogo: visahani, vyombo vya sabuni, vidau vya uvumba. Na mwanao, mama, ajiepushe na sanamu za viumbe, kwa sababu anazozijua tangu madrasa. Vyombo vinatosha. Kuhusu malipo, tangu 2018 kumekuwa na njia ya kutoa fedha za PayPal na kuziingiza M-Pesa, nayo ni ubia mwingine uliofungua mlango uliokuwa umefungwa kwa wengi, ila makato yake yahesabiwe kabla ya kutaja bei, yasije yakaila faida yote.

Ndizi sina mengi ya kusema. Zikikaushwa vizuri zinapendwa, lakini chakula kina vyeti vya afya na kila nchi ina sharti zake. Aanze na Nairobi na Mombasa.

Kuna bidhaa nyingine inayopita katika faiba hiyo ambayo mama hakuiuliza, nami sitaiacha. Vijana wengi, wa bara na wa kwetu, huandika insha na tasnifu kwa niaba ya wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Marekani, kisha mwanafunzi huweka jina lake. Hulipwa kwa dola, na wazazi hufurahi kwamba mtoto ana kazi ya kompyuta. Hiyo ni ghushi iliyo wazi: aliyeandika anajua, anayenunua anajua, na anayedanganywa ni mwalimu na kila mtu atakayetibiwa au kujengewa daraja na mwenye shahada hiyo. Wengine hufanya kazi ya halali ya kuainisha picha na maneno kwa ajili ya kompyuta za kampuni kubwa, na huko nako kuna dhuluma ya aina yake. Jarida la Time liliripoti mwaka 2023 juu ya wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maneno machafu kutwa nzima kwa ujira wa chini ya dola 2 kwa saa. Mzazi aulize mtoto anauza nini. Neno "niko kwenye mtandao" halijibu swali hilo, kama vile "niko bandarini" lisivyotueleza mtu anapakua mchele au anapakua haramu.

Narudi kwa mama wa Likoni na kiwanja chake.

Kwanza, mama ana watoto wengine. Akimpa mmoja nusu ya kiwanja bure na wengine wakaachwa, ataingia katika jambo ambalo Mtume, rehema na amani zimshukie, alilikataa: kumpendelea mtoto mmoja kwa zawadi. Kwa hiyo fedha hizi zisiwe zawadi, na zisiwe "msaada" usio na jina. Zikiwa za biashara, ziwe za biashara kwa maandishi, na nduguze wajue. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni, na ajabu ni kwamba sisi hatuandikiani, hasa tukiwa jamaa. Kampuni zile za TEAMS zilikuwa na mawakili wa pande zote kabla ya kebo kulazwa hata mita moja. Mama na mwanawe waandikiane angalau kurasa mbili, kama hizi alizoniandikia mimi.

Pili, mkataba ulio karibu na nia yao ni mudharaba, ambao vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi huuita kiradhi: mtaji wa mmoja, kazi ya mwingine. Sharti zake si nyingi, lakini hazina mzaha. Mtaji uwe fedha taslimu inayojulikana kiasi chake, hivyo ardhi yenyewe haiwi mtaji. Faida igawanywe kwa sehemu, mathalani nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Kijana ameahidi kumpa mamake shilingi elfu kumi kila mwezi, biashara ikipata isipate. Ahadi hiyo ni ya mapenzi, naijua, lakini ikiingia katika mkataba inauharibu, kwa kuwa imemhakikishia mwenye mali faida isiyotokana na biashara. Hasara ikitokea bila ya uzembe wala hiana, ni ya mwenye mtaji, na mwenye kazi amepoteza jasho lake. Mama alifahamu vizuri hilo kabla ya kutia sahihi: biashara ikianguka, fedha za kiwanja zimekwenda, na hana haki ya kumdai mwanawe. Wanazuoni wetu wamesema pia kwamba kiradhi ni cha kununua na kuuza. Kununua ndizi, kuzikausha na kuziuza kunaingiza kazi ya kutengeneza, kama mfano wao wa ngano inayosagwa na kuokwa mkate, nao wamesema hilo huubatilisha mkataba. Basi ndizi anunue zilizokwisha kukaushwa, au aziweke kando.

Tatu, asiuze kile asichonacho. Vijana huweka picha ya bidhaa ya mtu mwingine, wakapokea fedha, ndipo wakaenda kuitafuta. Akitaka kupokea fedha kabla ya bidhaa, afuate njia ya salamu: sifa za kitu zitajwe kwa ukamilifu, kipimo kijulikane, siku ya kukabidhi itajwe, na bei ilipwe yote pale pale. Bakuli la jiwe jeupe la upana wa inchi sita linaelezeka. Asiyeweza kuieleza bidhaa yake hivyo asichukue fedha za watu.

Na kiwanja? Ushauri wangu ni kwamba kisiuzwe sasa. Nimemwuliza mama, naye ana akiba ndogo ya chama chake cha akina mama, na amesema sehemu yake anaweza kuitoa bila ya kuumia. Iwe hiyo ndiyo mtaji wa miezi sita. Kijana anunue vyombo ishirini au thelathini vya mawe, aandike kila senti ya nauli, makato na malipo ya intaneti ya kila mwezi, pamoja na siku ambazo umeme ulikatika na kile kisanduku cha faiba kikazimika. Mwezi wa sita alete daftari Likoni, si kwa simu, alilete kwa mkono, na nduguze wawepo. Nami nimemwambia mama kwamba akinipa taarifa siku mbili kabla, nitavuka kivuko nije kulisoma pamoja nao. Hati ya kiwanja ibaki sandukuni mpaka siku hiyo, na nakala ya mkataba, yenye sahihi za mashahidi wawili wasio wa nyumba ile, iwekwe juu yake.